Hofu ya Kazi Isipande Ndege: Nilichowaambia Marubani Arusha

Wapendwa, wengi hamkuweza kufika Jumamosi pale Njiro, wengine mlikuwa Seronera kule Serengeti, wengine mlilala Zanzibar na ndege, na wengine mliona bora msionekane, hilo nalielewa kabisa. Hii hapa ndo hotuba yenyewe, nimeiandika kama nilivyoongea, slaidi nimeziacha.

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu mliokaa hapo mbele, makapteni mlionifundisha kazi, nawaona. Habari za jioni wadogo zangu, marubani wa Caravan zile ndogo za injini moja, marubani wa ATR zile kubwa za injini mbili, na nyie mlioshika laiseni juzi na bado mnazunguka na CV pale uwanja wa ndege wa Kisongo mnaambiwa njoo wiki ijayo. Na nimefurahi sana kuona wazazi wa marubani wamekuja, wake zao na waume zao wamekuja, kwa sababu haya ninayotaka kusema yanaanzia kokpiti lakini yanaishia nyumbani kwenu, kwenye ada na kwenye kodi ya nyumba.

Nimeombwa niongelee usalama wa ajira. Naomba niulize kwanza. Nani hapa ana mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo? Nyoosheni mikono, msiogope, hamna bosi humu ndani. Haya, nimeona, shusheni. Sasa nani ameshawahi kuruka siku ambayo kichwa chake kilimwambia leo usiruke?

Mmeona? Mikono ni ileile. Angalieni vizuri, mikono ni ileile!

Ndo maana sikuja kuongelea mshahara. Nimekuja kusema kwamba rubani anayeogopa kufukuzwa anapanda ndege pamoja na hofu yake, na kwenye Caravan kile kiti cha kulia kikiwa wazi hofu inakaa pale pale inaanza kumshauri. Watu wanasema ajira ya rubani ni mambo yake na mwajiri wake. Hapana. Ni mambo ya abiria kumi na mbili waliokaa nyuma yake.

Nitawasimulia habari ya kijana mmoja, jina nabaki nalo na kampani nabaki nayo. Nyie mnaijua Kisongo ya mwezi wa saba. Asubuhi wingu limelala, Meru huioni, milima ya Monduli huioni, baridi inauma, na wageni washafika na wanauliza mbona hatuondoki. Siku hiyo wingu likachelewa kufunguka, kwahiyo kila mtu ameshaingiwa na haraka. Alafu wageni wenyewe ni familia, na nyie mnajua tunawaambia begi laini, kilo 15 kila mtu, wao wakaja na masanduku magumu ya magurudumu na wakala wao anacheka tu. Kijana akapiga hesabu yake. Imezidi. Kisongo iko kama futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, Seronera anakoenda kutua na kuruka tena ni zaidi ya futi 5,000, na saa tano jua likishawaka hewa ya kule inakuwa nyepesi, injini inachoka na bawa linachoka. Caravan ya 208B imeandikiwa uzito wa mwisho wa kurukia pauni 8,750, na hiyo namba haijui mkataba wako unaisha lini.

Akaenda kwa mtu wa oparesheni akamwambia kaka, tuache masanduku mawili yaje na ndege ya saa sita. Hakuambiwa ruka. Sikilizeni hapo vizuri, hakuna aliyemwambia ruka. Aliambiwa hivi tu: "Fulani yeye huwa anaenda nayo."

Akaenda nayo. Alifika salama, wageni wakapiga picha na twiga, wakamshukuru. Jioni alikuja kwangu akakaa, chai ikapoa mbele yake. Nikamuuliza kwanini ulienda? Akasema mzee, mkataba wangu unaisha tarehe 31 na hawajaniambia kama wanaendelea na mimi. Baba yake aliuza kipande cha kihamba Old Moshi ili yeye aende shule ya urubani Afrika Kusini. Kihamba, wazee wangu! Mnajua maana yake kwa Mchaga kuuza pale walipozikwa babu zake. Sasa niambieni, huyu kijana alikuwa hajui hesabu ya uzito? Anaijua kuliko mimi. Unaweza ukamrudisha darasani mara kumi hutamfundisha kitu asichokijua. Alichokosa siku ile ni uwezo wa kusema hapana alafu kesho yake akaamka bado ana kazi.

Na hili sio la Arusha peke yake, msije mkadhani ni umaskini wetu. Tarehe 12 Februari 2009, huko Marekani, ndege ya kampani ya Colgan Air, namba 3407, ilitoka Newark kwenda Buffalo usiku wa baridi. Ilikuwa Dash 8 Q400, aina ileile ambayo Air Tanzania wanaitumia, mnaiona inatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Ikaanguka kwenye nyumba karibu na uwanja. Watu 49 ndani ya ndege walikufa na mmoja ndani ya nyumba. Wachunguzi wakaandika sababu, kwamba mwendo ulipungua, ndege ikatoa onyo la kutikisa usukani, na kapteni badala ya kushusha pua akavuta. Hiyo ndo sababu rasmi na mimi sibishani nayo.

Lakini kwenye uchunguzi yakatoka mengine. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa anaishi kwa wazazi wake upande wa Seattle, amesafiri usiku kucha kwa kudandia ndege za mizigo kuvuka nchi nzima ili afike Newark kazini. Mshahara wake kwa mwaka ulikuwa kama dola 16,000. Ana mafua. Na kwenye rekodi ya sauti ya kokpiti anasikika akisema kwamba akiomba ruhusa ya kuumwa pale itabidi ajilipie hoteli mpaka apone. Mnasikia? Mgonjwa, hajalala kitandani, na anapiga hesabu ya hoteli. Nani kati yenu hajawahi kupiga hesabu kama hiyo? Mimi nawajua watu hapa walioruka na malaria kichwani kwa sababu wanalipwa kwa siku na siku usiyoruka hulipwi.

Familia za wale waliokufa hazikukaa kimya. Walienda Washington, wakarudi, wakaenda tena, wamebeba picha za watoto wao, mpaka sheria ikapita mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria kule akatakiwa kuwa na masaa 1,500 ya kuruka, na sheria mpya za mapumziko zikaanza 2014. Mnaweza kubishana kama masaa 1,500 ndo dawa, mimi mwenyewe nina mashaka, kwa sababu wote wawili kwenye ile ndege walikuwa wameshavuka masaa hayo. Kilichonigusa mimi ni kwamba waliosimama ni familia za abiria. Marubani wa kampani ndogo ndogo walikuwa wanajua hali hiyo miaka yote.

Nisogee kwenye karatasi, na hapa nitakaa sana, mnisamehe.

Wengi wenu mnaitwa mafrilansa. Unaambiwa wewe sio mfanyakazi, wewe ni konsaltanti, leta invoisi mwisho wa mwezi. Hakuna likizo, hakuna NSSF, ukiumwa ni juu yako. Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika zikianza, kambi zinafungwa, strip, vile viwanja vya kutulia porini, zinajaa tope, rosta inatoka na jina lako halipo, na huwezi kulalamika kwa sababu "we sio mfanyakazi." Wangapi mnalijua hilo? Sasa nendeni mkasome Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kile kifungu kinasema mtu anachukuliwa kuwa ni mfanyakazi kama kuna dalili mojawapo ya zilizotajwa pale, haijalishi mkataba umeuitaje. Mojawapo, sio zote! Kwamba anayekupa kazi ndo anakupangia namna ya kufanya kazi na muda wa kufanya. Kwamba umemfanyia kazi wastani wa masaa yasiyopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba unamtegemea kiuchumi. Kwamba yeye ndo anakupa vifaa vya kazi.

Vifaa vya kazi, jamani. Kuna konsaltanti gani hapa anakuja kazini na Caravan yake?

Mwajiri anaweza akalipinga hilo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na akaleta ushahidi wake, ni haki yake. Lakini nyie mmekuwa mnashindwa kesi ambayo hata hamjaifungua. Neno konsaltanti limewafunga mdomo.

Jingine. Angalia slipu yako ya mshahara, ile wanayoiita besiki ni shilingi ngapi na posho za kuruka ni ngapi. Nawajua watu ambao besiki ni milioni mbili na posho za masaa zinafika milioni nne, tano msimu wa juu. Ukiwa unaruka hujali, hela ni hela. Siku wakikupunguza ndo unajali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 42, inasema kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, na mwisho ni miaka 10. Mshahara wa msingi, sio posho. Chukua hiyo besiki ya milioni mbili, wiki moja ni kama laki nne na sitini, zidisha kwa kumi, unapata kama milioni nne na laki sita. Umefanya kazi miaka kumi na tano, umebeba wageni msimu baada ya msimu, unaondoka na milioni nne na laki sita na malipo ya notisi ya siku 28. Hiyo ndo sheria, haijavunjwa. Kwahiyo anayewaambia sheria itawalinda anawaambia nusu tu ya habari. Sheria imeweka sakafu. Kilicho juu ya sakafu mnakiomba nyie wenyewe kabla ya kusaini, wakati wanawahitaji, mwezi wa tano wakati wanajipanga kwa msimu, sio mwezi wa kumi na moja.

Kuna mzee mmoja mnamfahamu wengi wenu, yuko humu ndani na amenikubalia niseme bila jina. Mwaka 2020 mnaukumbuka. Mwezi wa nne ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, mwezi wa tano tarehe 18 anga ikafunguliwa tena, lakini wageni watatoka wapi wakati Ulaya yote imejifungia? Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa kama 620,000. Caravan zimepangwa Kisongo zimefungwa vitambaa kwenye injini, ndege wa angani wanajenga viota kwenye mikia. Huyu mzee akaitwa ofisini na karatasi mbili. Ya kwanza inasema likizo bila malipo kwa hiari. Ya pili inasema amekubaliana na kampani kuachana kwa amani. Wenzake walikuwa wameshasaini, wengine kwenye boneti ya gari pale nje. Yeye akasema naomba niende nayo nyumbani nikamuonyeshe mke wangu.

Basi mama huyo, mwalimu wa sekondari, akaisoma akasema baba fulani, hapa imeandikwa kwa hiari, wewe una hiari gani hapa? Wakaenda kwa wakili. Kumbe kifungu cha 38 cha sheria ileile ya ajira kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, atoe maelezo yote, na akae na wafanyakazi waongee kuhusu sababu, kuhusu njia za kuepuka, kuhusu nani anaondoka kwa kigezo gani na kwa malipo gani. Alirudi ofisini na barua ya kistaarabu kabisa, hakugombana na mtu, akaomba mazungumzo hayo. Na kweli waliongea. Alipata nusu mshahara kwa miezi kadhaa na ahadi ya maandishi kwamba wakianza kuita watu yeye ataitwa kwa namba yake ya ukongwe. Aliitwa. Wale waliosaini kwenye boneti wengine mpaka leo wanaendesha bodaboda, na mimi siwalaumu, mtu ana watoto na ameogopa. Lakini msisaini kitu siku hiyohiyo. Narudia, msisaini kitu siku hiyohiyo! Na ukiona umeachishwa isivyo haki una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapa Arusha na ipo Moshi, siku 30, watu wanakaa wanasubiri bosi abadilike moyo mpaka siku zinapita.

Hapo hapo kwenye karatasi nataka niongee na dada zangu, na kina kaka msikilize pia. Medikali yetu, yaani cheti cha afya cha rubani, ya daraja la kwanza, kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mama mjamzito ambaye mimba yake haina matatizo anaweza kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 mpaka mwisho wa wiki ya 26. Nje ya hapo haruhusiwi kuruka. Likizo ya uzazi ni siku 84. Ukipiga hesabu kuna miezi ambayo sio likizo na sio kuruka. Inalipwa na nani? Kwenye mikataba mingi niliyoonyeshwa hakuna hata mstari mmoja. Dada mmoja aliniambia alikaa na siri yake wiki zile za mwanzo zote, anatapika nyuma ya hanga alafu anaenda kuruka, kwa sababu mkataba ulikuwa unakaribia kuhuishwa. Anaruka peke yake. Na sheria inasema wazi kumuachisha mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito si halali, lakini kutokuhuisha mkataba ni kimya kimya, nani atathibitisha? Hata hivyo kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinasema kama ulikuwa na matarajio ya haki kwamba mkataba utahuishwa na wasihuishe, hiyo nayo inahesabika kuwa ni kuachishwa. Tunzeni meseji. Tunzeni barua pepe zile za "msimu ujao tutakuwa na wewe."

Na nyie mliovuka 40 na mnaruka abiria peke yenu, medikali ni kila miezi sita, na ICAO inasema rubani wa peke yake mwisho ni 60, wale wa wawili wawili ndo wanafika 65. Kila miezi sita kazi yako yote iko kwenye kipimo cha presha. Ulizeni bima ya kupoteza laiseni, ipo, na mkiomba kama kundi bei inashuka.

Sasa kubwa lingine. Mtu anasema mimi niko kampani kubwa, ina jina, niko salama. Wazee wangu hapa mbele mnacheka kwa uchungu najua, kwa sababu mnaikumbuka East African Airways. Ilianza 1946, ilikuwa na ndege aina ya Super VC10 zinaenda London, mwaka 1977 ikafa pamoja na Jumuiya, na marubani wa nchi tatu wakaamka hawana kampani. Fastjet ilikuja 2012 kwa kishindo, tiketi za bei chee, mwisho wa 2018 ikasimamishwa. Jina kubwa halijawahi kumlinda rubani.

Lakini simulizi inayonifundisha zaidi ni ya Comair ya Cincinnati, Marekani, ambayo nayo ilianza huohuo mwaka 1977. Ilikuwa kampani ya mikoani, abiria anaona rangi za Delta, tiketi ya Delta, lakini rubani ni wa Comair. Delta wakainunua. Mwaka 2001 marubani wake walikuwa hawaridhiki, wakagoma siku 89. Siku 89, mnaweza kufikiria? Wakashinda, mkataba wao ukawa mzuri kuliko wa wenzao wengi wa kampani za aina hiyo. Alafu nini kikatokea? Taratibu safari zikaanza kupewa kampani nyingine za bei nafuu, leo njia hii, kesho njia ile, ndege zikapungua, na mwezi wa tisa 2012 Comair ikafungwa. Na kule ukihama kampani ukongwe wako unabaki nyuma, kapteni wa miaka ishirini anaanza chini kabisa na vijana. Mwaka 2020 habari hiyohiyo ikarudi tena, Compass wakafunga, Trans States wakafunga, ExpressJet wakapoteza safari za United, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa yao, ilikuwa ya mwenye jina.

Kuna watakaosema basi unaona, kuungana hakusaidii. Mimi sioni hivyo. Ninachokiona ni kwamba wale walijadiliana bei ya kazi bila kuifunga kazi yenyewe isihamishwe. Na hapa kwetu ni hivyo hivyo, wageni sio wako na wala sio wa kampani yako, ni wa wakala aliyeko Ujerumani au Uholanzi. Tarehe 3 Juni 2025 Umoja wa Ulaya ukaziweka kampani zote za ndege zilizosajiliwa Tanzania kwenye orodha yao ya kampani zilizozuiwa kuruka Ulaya kwa sababu za usalama, baada ya kuanza na Air Tanzania mwezi Desemba 2024. Zote! Hata ile iliyoruka miaka bila tatizo. Sababu walizotoa ni za usimamizi, upungufu wa wataalamu kwa msimamizi na ukaguzi usiotosha, sio wewe na rekodi yako. Lakini wakala wa Ulaya anapaswa kumwambia mteja wake kwamba ndege hii iko kwenye orodha, na mteja akisikia hivyo anaomba gari. Rubani wa Kisongo hajakosea kitu na kazi yake inatikiswa na karatasi ya Brussels. Kwahiyo wanaosema mambo ya usalama ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, sisi turuke tu, wanakosea sana. Kila safari iliyozidi uzito, kila ripoti ambayo haikuandikwa kwa sababu mtu aliogopa, inarudi kwenye ajira yetu wenyewe.

Kuhusu roboti nitapita haraka, maana nimeulizwa sana. Ni kweli, Novemba 2023 huko Hollister, California, kampani inaitwa Reliable Robotics ilirusha Caravan, hii hii Caravan yetu, kama dakika 12 bila mtu yeyote ndani. Iliondoka na ikatua yenyewe. Haikuwa na abiria, na wanachokilenga kwanza ni mizigo. Huyo roboti bado hajakutana na pundamilia katikati ya strip ya Ndutu na mwindaji wa picha anayetaka mlango ukae wazi. Vijana msikose usingizi kwa hilo leo, lakini mtu wa miaka 22 anayeanza sasa ajue kwamba Caravan peke yake kwenye logibuku haitoshi kwa maisha yote, atafute injini mbili, atafute kokpiti ya watu wawili.

Maana mnaambiwa kuna uhaba wa marubani. Boeing mwaka 2023 walitabiri dunia itahitaji marubani wapya 649,000 kwa miaka 20. Mtoto akisikia hivyo anadhani kazi inamsubiri. Uhaba upo, lakini ni wa makapteni wenye uzoefu, sio wa mtu mwenye masaa 250. Na ukija unakuja ghafla na kuondoka ghafla. Mwaka 2020 kampani za mikoani Marekani zinafungwa, mwaka 2022 zilizobaki, Envoy, Piedmont na PSA, zikapandisha mshahara wa rubani anayeanza mpaka dola 90 kwa saa kwa sababu watu hawapatikani. Miaka miwili tu. Aliyekuwa ameweka laiseni yake hai na medikali hai ndo alishika hiyo nafasi, aliyeacha ikafa alianza kutafuta hela ya mtihani. Kwahiyo hata ukiwa nje ya kazi, hata ukiwa unauza duka la mama pale Kilombero, usiache laiseni ikafa. Wazazi, hilo nawaomba nyie, mkimchangia mtoto mchangieni hilo kwanza.

Nimalizie na la kufanya. Sheria inasema chama cha wafanyakazi kinaweza kuanzishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Humu ndani nahesabu zaidi ya hapo mara tatu. Marubani wa kigeni nao naomba tusiwafukuze mezani, najua kuna manung'uniko kwamba wanachukua nafasi zetu, na sheria ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mzawa, hilo tulidai kwa nguvu. Lakini yule mgeni naye yuko kwenye mkataba wa muda na naye anaambiwa "fulani huwa anaenda nayo." Akikataa yeye peke yake watakupa wewe, ukikataa wewe watampa yeye. Mkikataa wote yale masanduku mawili yatasubiri ndege ya saa sita.

Ninachotaka tudai cha kwanza kabisa, kabla ya shilingi moja kuongezwa, ni mstari mmoja kwenye kila mkataba hapa Kisongo na KIA: rubani aliyekataa safari kwa sababu ya usalama, au ya hali ya hewa, au ya afya yake, hakatwi malipo ya siku hiyo na haitumiki dhidi yake mkataba ukiisha. Mstari huo mmoja tu. Bosi mzuri atasaini hata kesho, na wapo mabosi wazuri, baadhi ni marubani wenyewe.

Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari. Anayetaka kuwa kwenye kundi la kuanzisha aandike jina na namba, asiyetaka jina lake lionekane aongee na mama aliyekaa pale, yule mwalimu wa sekondari niliyewaambia, yeye ataandika kwake. Jumamosi ijayo hapa hapa saa tisa mchana wakili atakuwepo, leteni mikataba yenu, zibeni jina la kampani na la kwenu kwa karatasi, atasoma kifungu kwa kifungu bure. Sasa maswali. Tuanze na yule binti kule nyuma, alinyoosha mkono tangu nilipotaja medikali.